Mwanangu anataka kwenda vitani: nitajuaje kama tunaambiwa ukweli?

Swali: "Nchini kwetu maneno ya vita na jirani yamepamba moto. Kila jioni tunaambiwa wametuchokoza, na kwamba ushahidi upo ila ni siri. Mwanangu wa miaka 19 anataka kujiandikisha jeshini. Nikiuliza ushahidi uko wapi, ndugu zangu wananiambia sina uzalendo. Ninyi mnaosoma historia ya vita, nisaidieni: mzazi wa kawaida atajuaje kama anaambiwa kweli? Na kwa nini watu wanakubali upesi hivi?"

Jibu:

Mzazi mwenzangu, asante kwa kuniletea jambo zito namna hii. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma nyaraka za vita zilizokwisha: hotuba, telegramu, kumbukumbu za mabunge, ripoti zilizotolewa hadharani wakati wengi wa wahusika wameshakufa. Nitaanza na swali lako la pili, la watu kukubali upesi, kwa kuwa ukilielewa hutawachukia ndugu zako.

Tumezoea picha za Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza: umati mijini, kofia zikirushwa hewani, askari wakivishwa maua. Mwanahistoria Mfaransa Jean-Jacques Becker alichapisha mwaka 1977 utafiti uliotumia maandishi ya walimu wa shule za vijijini, walioandika walichokiona siku ya wito wa jeshi. Kule vijijini hapakuwa na shangwe. Kengele za kanisa zililia, watu wakapigwa na bumbuwazi, wengi wakalia. Siku chache baadaye wanaume walewale walipanda treni wakiwa wameshaazimia. Hawakuwa wameanza kuipenda vita. Walikuwa wameamini kwamba wameshambuliwa, na kwamba asiyekwenda anawaacha wenzake.

Sasa vuka mpaka uende Ujerumani. Tarehe 3 Agosti barua ya kutangaza vita dhidi ya Ufaransa ilidai kwamba ndege za Kifaransa zimedondosha mabomu karibu na Nuremberg. Hazikudondosha. Kesho yake chama cha Social Democratic, ambacho siku chache kabla kilikuwa kimefanya maandamano makubwa ya kupinga vita, kilipiga kura bungeni kuidhinisha fedha za vita, kwa hoja kwamba taifa linajikinga na Urusi. Kwa hiyo ukimuuliza mkulima wa Ufaransa na mfanyakazi wa Berlin kwa nini wanakwenda, wote wawili wangekujibu sawasawa: tunajilinda.

Utayari wa watu kwenda vitani hauanzi na chuki. Unaanza na hofu, na hisia kwamba haki iko upande wetu. Chuki hupandwa baadaye, nayo huota haraka kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Ndugu zako wanapokuambia huna uzalendo, kwa kiasi kikubwa ni hofu inayosema.

Wala usiyachukue maneno ya watu wakati wa amani kuwa ndiyo watakayotenda siku ya siku. Februari 1933 wanafunzi wa Oxford walipiga kura kwenye mdahalo wao kwamba hawatapigania mfalme na nchi yao kwa hali yoyote. 275 waliunga mkono hoja hiyo dhidi ya 153. Miaka sita baadaye kizazi hichohicho kilivaa sare. Hawakuwa wanafiki. Mwaka 1933 walikuwa wanaikataa vita iliyopita, ile ya baba zao, na iliyowajia ilikuwa nyingine kabisa.

Nije sasa kwenye swali lako kubwa. Wengi huuliza, "Je, serikali inadanganya?" Swali hilo halikufikishi mbali, maana serikali yoyote inayojiandaa kwa vita husema mambo mia kwa mpigo: ya kweli, ya uongo, na ya nusunusu. Tafuta lile dai moja linalobeba mzigo wote, dai ambalo likiondolewa, sababu ya vita inaanguka. Kisha uliza ni nani, nje ya wale wanaolitoa, ameruhusiwa kulikagua. Kisha uliza haraka hii inatoka wapi.

Nikupe kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu hakuna kingine kilichonifundisha zaidi.

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1964, manowari mbili za Marekani, Maddox na Turner Joy, zilikuwa kwenye Ghuba ya Tonkin, mbele ya pwani ya Vietnam Kaskazini. Siku mbili kabla Maddox ilikuwa imeshambuliwa na boti za Vietnam Kaskazini, na hilo lilitokea kweli. Usiku huo wa tarehe 4, katika giza na hali mbaya ya hewa, mabaharia waliona alama kwenye rada na kusikia kwenye sona, chombo cha kusikiliza chini ya maji, sauti walizodhani ni za torpedo, yaani makombora ya majini. Wakafyatua mizinga gizani kwa muda mrefu. Kulipotulia, Kapteni John Herrick, aliyekuwa ndani ya Maddox akiongoza msafara ule, alituma ujumbe Washington: taarifa nyingi za mashambulizi zina mashaka, huenda hali ya hewa imeichezea rada, na wasikilizaji wa sona walikuwa na shauku iliyopita kiasi. Akashauri yachunguzwe yote kwanza kabla ya kuchukua hatua nyingine.

Hawakusubiri. Usiku uleule kwa saa za Washington, Rais Lyndon Johnson alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba Marekani inajibu mapigo. Tarehe 7 Agosti azimio la kumpa madaraka ya kutumia nguvu lilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na katika Seneti kwa 88 dhidi ya 2. Wabunge walipiga kura bila kuelezwa mashaka ya kapteni. Mwaka 2005 shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani liliachia hadharani utafiti wa mwanahistoria wake, Robert Hanyok, ulioonyesha kwamba shambulio lile la pili halikutokea, na kwamba taarifa zilizopelekwa juu zilikuwa zimechaguliwa zile zinazolithibitisha tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka 41, na kandokando yake walizikwa, kwa sababu ya vita vya Vietnam, askari wa Marekani zaidi ya 58,000 na Wavietnamu waliowazidi mara nyingi.

Tazama mashaka yalikaa wapi. Mtu wa kwanza kutia shaka ndiye aliyekuwa karibu zaidi na tukio. Kadiri taarifa ilivyopanda ngazi, mashaka yalidondoka njiani mamoja mamoja, na ilipofika mezani kwa rais, na kutoka hapo bungeni, na kutoka hapo sebuleni kwa watu, ilikuwa imebaki uhakika mtupu. Nimeuona mwendo huo tena na tena kwenye nyaraka. "Huenda" ya afisa wa chini hugeuka "inaaminika" ya bosi wake, kisha "hakuna shaka" ya waziri. Kwa hiyo ukimsikia kiongozi akisema kwa uhakika mkubwa juu ya jambo ambalo hakuliona, uliza waliokuwa pale walisemaje, kwa maneno yao wenyewe.

Ndiyo sababu kabla ya vita vya Iraki waandishi wawili wa Marekani, Jonathan Landay na Warren Strobel wa kampuni ya magazeti ya Knight Ridder, waliona kile ambacho magazeti makubwa hayakukiona. Hawakung'ang'ania mawaziri. Walizungumza na maafisa wa ngazi za kati, wale wanaoshika karatasi zenyewe, nao wakawaambia ushahidi ni mwembamba.

Iraki inafundisha pia juu ya haraka. Januari 2003 Rais George W. Bush aliliambia Bunge, akiwanukuu Waingereza, kwamba Saddam Hussein, rais wa Iraki, alitafuta barani Afrika urani, madini yanayoweza kutumika kutengeneza bomu la nyuklia. Nyaraka zilizohusu madai hayo, zilizotajwa kuwa za serikali ya Niger, zilipofika mikononi mwa wakaguzi wa nguvu za atomiki wa kimataifa, hazikuhitaji muda mrefu kuumbuka. Barua moja ilikuwa na sahihi ya waziri aliyeacha uwaziri zaidi ya miaka kumi kabla ya tarehe ya barua yenyewe. Tarehe 7 Machi mkuu wa wakaguzi hao, Mohamed ElBaradei, alilieleza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba nyaraka hizo si halisi. Siku hiyohiyo Hans Blix, aliyeongoza ukaguzi wa silaha za kemikali na za kibiolojia, alisema kazi iliyobaki haihitaji miaka, wala wiki, inahitaji miezi. Tarehe 20 Machi mabomu yalianza kudondoka. Baadaye, Wamarekani wenyewe walipoisaka nchi nzima, maghala ya silaha za maangamizi hayakuonekana. Miezi ile aliyoiomba Blix ingetosha kuokoa watu wengi sana, na hadi leo nikiyakumbuka maneno yake moyo unaniuma.

Kukataa ukaguzi ni dalili nyingine nzito. Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti ulidai kwamba mizinga ya Wafini imekipiga kijiji cha Mainila na kuua askari wake. Ufini ikajibu: tuchunguze pamoja. Moscow ikakataa, na siku nne baada ya tukio lile ikavamia. Anayejua kwamba amepigwa kweli hana sababu ya kumkimbia shahidi. Kwa hiyo unapoambiwa ushahidi upo ila ni siri, usiwe mwepesi wa kudharau, maana siri za kweli zipo, na watu hufa zikivuja. Lakini siri inaweza kuonyeshwa kwa kamati ya bunge yenye wapinzani ndani yake, kwa majaji, kwa wakaguzi kutoka nchi isiyohusika. Ikiwa hakuna hata mmoja nje ya wenye kuitaka vita aliyeiona, hapo una haki ya kusema, kwa adabu, kwamba hujaambiwa kitu bado.

Upande wa pili nitakaokueleza sasa naomba uusome kwa makini uleule, kwa sababu wako wanaojiita wadadisi ambao wamekwama kwenye nusu ya kwanza.

Kutia shaka si sawa na kukana kila kitu. Vita vya Kagera ni mfano ulio wazi. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia Tanzania, na Idi Amin mwenyewe akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda. Mwananchi hakuhitaji ripoti ya siri. Mvamizi alikuwa amejisemea. Nyerere alipohutubia taifa alizungumzia mambo matatu: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, na nia ya kumpiga. Wengi wanaikumbuka hotuba ile kwa mshindo wake. Mimi naithamini kwa sababu iliviweka vitu vitatu mahali patatu. Propaganda hufanya kinyume: hukoroga. Inakuonyesha kwamba jirani ana silaha, yaani uwezo, halafu inakuacha wewe mwenyewe uhitimishe kwamba ana nia. Au inakupa sababu ya kukasirika, ukadhani ni sababu ya kuua. Unaposikiliza taarifa za jioni, vitenganishe: hapa ninaonyeshwa uwezo wake, au nia yake?

Kisha kuna uongo mdogo unaopachikwa juu ya tukio la kweli. Iraki ilivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na ilitenda ukatili huko. Oktoba mwaka huo binti wa miaka 15 alisimama Washington mbele ya wabunge, akilia, akasema ameona askari wa Iraki wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto hospitalini na kuwaacha wafe sakafuni. Kisa hicho kilirudiwa na rais na maseneta. Mwaka 1992 ikajulikana kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na kwamba ushuhuda wake uliandaliwa na kampuni ya kujenga taswira iliyolipwa kwa ajili ya kampeni hiyo. Kisa cha watoto hakikuthibitika. Je, uvamizi ukawa uongo kwa sababu hiyo? Hapana. Ila watu walinyimwa nafasi ya kuamua kwa ukweli uliokuwepo, ambao ulikuwa mzito wa kutosha.

Deni la uongo wa namna hiyo hulipwa na watu wasiohusika kabisa. Mwaka 1917 magazeti ya Uingereza yalisambaza habari kwamba Wajerumani wana kiwanda cha kuyeyusha maiti za askari wao ili wapate mafuta. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilikubali bungeni kwamba habari ile haikuwa na msingi. Watu wakaapa kutodanganywa tena. Agosti 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Gerhart Riegner, mwakilishi wa shirika la Wayahudi la kimataifa huko Geneva, alituma telegramu kueleza mpango wa Hitler wa kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya, na maafisa wa Washington waliiona kama uvumi wa wakati wa vita. Safari hii ilikuwa kweli.

Zipo pia kauli rasmi zinazotungwa ili watu wasijali. Mwaka 1994, wakati Watutsi wakichinjwa nchini Rwanda, serikali ya Marekani kwa wiki nyingi ilikwepa kuyaita mauaji hayo kwa jina lake. Mwezi Juni msemaji wake alikuwa bado anasema kumetokea "vitendo vya mauaji ya kimbari", hadi mwandishi mmoja akamuuliza vinahitajika vitendo vingapi ili yawe mauaji ya kimbari. Neno lile lilikwepwa kwa sababu lingeleta wajibu.

Na mimi nimekosea. Mwanzoni mwa 2022 Marekani ilipotangaza kwamba Urusi itaivamia Ukraine, nilitikisa kichwa nikasema haya ni ya Iraki tena. Moscow ilikuwa inakana. Kama ningetumia kipimo ninachokupa wewe, ningeona tofauti: dai lile lilikuwa linakaguliwa. Picha za setilaiti za kampuni za kibiashara zilionyesha majeshi yakikusanyika mpakani, na yeyote angeweza kuzitazama. Mimi nilimpima msemaji, sikulipima dai. Tarehe 24 Februari majeshi yakavuka. Siku chache baadaye Urusi ikapitisha sheria inayoweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa habari juu ya jeshi ambazo serikali inaziita za uongo, na walioliita tukio lile vita, badala ya "operesheni maalumu ya kijeshi", wakaanza kuadhibiwa. Mahali ambapo jambo haliruhusiwi kuitwa kwa jina lake, huna haja ya kuwa mtaalamu kujua kuna kinachofichwa.

Kuhusu kuitwa msaliti. Maseneta wawili waliopinga azimio la Tonkin, Wayne Morse na Ernest Gruening, wote walipoteza viti vyao mwaka 1968. Sikufichi: kuuliza kuna gharama, na mara nyingi anayethibitika baadaye haombwi radhi. Lakini angalia wananchi walivyobadilika. Shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani kama kupeleka majeshi Vietnam lilikuwa kosa. Agosti 1965 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 24. Agosti 1968 walikuwa asilimia 53. Swali lako wewe lilikuwa likiwajia watu polepole, jeneza baada ya jeneza, na lilipowafikia wengi halikuweza kumrudisha mtu.

Ndiyo maana wakati wa kuuliza ni sasa, kabla damu haijamwagika. Akishakufa wa kwanza, swali lilelile litasikika kama tusi kwa marehemu, na kila kifo kitageuzwa kuwa hoja ya kuendelea ili waliotangulia wasiwe wamekufa bure. Nimeona hoja hiyo katika kila vita nilivyovisoma, pande zote mbili, na sijui kauli inayoua watu wengi kuliko hiyo.

Ukizungumza na ndugu zako, usianze kwa kusema tunadanganywa. Watajifunga, maana utakuwa umeigusa hofu yao. Waulize mnaamini nini hasa kimetokea, wapi, na nani aliona. Watu wanaosimulia wenyewe husikia matundu kwenye simulizi yao. Na jihadhari na ile methali ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Majira ya uvumi wa vita, linalosemwa sana linaweza kuwa limelipiwa.

Kijana wako usimdharau. Kijana wa miaka 19 anayetaka kusimama mbele ya wenzake ana kitu kizuri ndani yake, na ukikicheka atakwenda vitani ili kukuonyesha. Mwambie hivyo kwanza. Kisha mwombe akae na karatasi, aandike kwa mkono wake sababu inayompeleka: dai gani analiamini, amelipata kwa nani, na ni habari gani, ikija, itamfanya abadili uamuzi. Aweke tarehe, akupe uitunze. Iraki ilianza kuwa vita vya silaha za maangamizi, na silaha zilipokosekana ikawa vita vya kuleta demokrasia, na askari walewale walikuwa bado kule. Sababu ikibadilishwa huku yeye akiwa kambini hatatambua, kwa kuwa hubadilishwa kidogokidogo. Karatasi itatambua. Na wewe andika ya kwako siku hiyohiyo: ni ushahidi gani ukionyeshwa utakufanya ukubali kwamba hapa kweli hatuna njia nyingine. Mkiwa na karatasi mbili mezani mtakuwa na cha kuzungumza kila jioni baada ya taarifa ya habari, hadi siku ya kuripoti.